Sura ya Sita: Aliyeandika "Rakini"

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi tu, na kufikia Ijumaa asubuhi hakuna mtu mtaa wa Kibuli, Kampala, aliyekuwa hajauona.

"Kweli Wanubi ni wageni tu hapa. Rakini siku ya kula watajua. Tutawafukuza warudi mbari, Sudani kwao."

Uliingia Jumatano jioni kwenye kundi la wasap la Kibuli Yetu. Zamani kundi hilo lilikuwa la kuulizana kama maji yamekatika kwa wote na nani ameona mbuzi aliyepotea, lakini tangu kampeni za udiwani zianze limegeuka kuwa pa kutukania. Namba ilikuwa ngeni, haina picha, haina jina. Na cha ajabu, watu walianza kwa kucheka. Mmoja aliuliza hiyo siku ya kula ni ya kula nini, pilau au matoke. Mwingine akasema Muganda huyu arudishwe darasani, kura na kula bado zinamshinda. Vikaragosi vya kucheka mpaka machozi vikajaa. Halafu, katikati ya kicheko hicho hicho, mtu akaandika neno moja: Lubowa.

Lubowa ni fundi wa magari, Muganda, gereji yake iko bondeni chini ya msikiti. Wiki ile ile alikuwa amebishana humo kundini na Wanubi, ambao babu zao waliletwa kutoka Sudani kama askari wa Waingereza, akisema wazi kwamba hampi kura yake Mubaraka, Mnubi mwenye duka la spea anayegombea udiwani. Basi, ikatosha. Hakuna aliyeuliza ushahidi. Usiku huo huo vijana walishuka gerejini na mabomba ya chuma, na walipomaliza Lubowa hakuwa na jicho la kushoto tena.

Polisi walimchukua ili asiuawe. Halafu, kwa sababu tayari yuko selo na faili linataka mtu, wakamfungulia kesi ya uchochezi wa kikabila. Yaani aliyepigwa ndiye aliyefungwa, na waliompiga wako nje wanabandika mabango. Saa tisa mchana wa Ijumaa hiyo gari lilikuwa limpeleke kortini, na mtu wa uchochezi wakati wa uchaguzi hapati dhamana. Angeingia rumande na jicho limeshonwa juzi, akae humo mpaka wamkumbuke.

Sajini Nuriat wa upelelezi alikuwa na saa chache tu za kumtoa.

Faili alipewa na Inspekta Okeny, na alipewa kwa sababu yeye ni Mnubi, mzaliwa wa Kibuli hapo hapo. Okeny hakuficha. Alisema Wanubi wakiona msichana wao ndiye ameshika kesi watatulia, na Lubowa akienda kortini watatulia zaidi. Mtaani nako walifikiri hivyo hivyo. Tangu jana simu ya Nuriat ilikuwa haipumui: mashangazi, majirani, mpaka mwalimu wake wa madrasa, wote wanamwombea dua amkaange vizuri yule Muganda.

"Sasa bado unatafuta nini?" Okeny alimuuliza asubuhi hiyo, ameegemea kiti, chai mkononi. "Soma hiyo kitu. Rakini. Mbari. Kula. Nani mwingine Kampala anaongea hivyo?"

Nuriat akamkumbusha kwamba kampuni ya simu ilishajibu. Laini ilisajiliwa kwa jina la mama mmoja wa Masindi, muuza nyanya, ambaye kijana wa kuuza laini barabarani alimgongesha kidole kwenye mashine ya usajili mara mbili bila yeye kujua. Simu ya mama huyo ina vitufe na tochi, wasap haijui. Na mnara ulioishika laini hiyo Jumatano jioni haukuwa wa Kibuli, ulikuwa wa Ntinda, mtaa mwingine mbali na hapo. Okeny hilo alishalipangia jibu: mafundi wote wananunua spea Ntinda. Lubowa alienda Ntinda, akatukana, akarudi. Kwake, kesi imekwisha.

"Afande, aliyeandika hii si Muganda," Nuriat akasema.

Okeny alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Na ile L na R?"

"Ndiyo nasema. Muganda hakosei ovyo. Anakosea kwa kanuni."

Akavuta karatasi akamwandikia. Mtoto yeyote aliyesoma Kiganda shule ya msingi, na Nuriat alikisoma pale pale Kibuli na viboko vyake, amefundishwa kitu kimoja: R inakuja baada ya E au I tu. Kwingine kote ni L, na neno halianzi na R hata siku moja. Sasa mtu huyo akiandika Kiswahili, mkono unaenda njia ile ile. "Kura" ina U mbele ya R, kwa hiyo anaandika "kula". "Kweli" ina E, kwa hiyo anaandika "kweri". Lakini "lakini" yenyewe inaanza na L, na L hiyo kwake iko salama. "Mbali" ina A, nayo iko salama.

"Sasa angalia huyu," akasema. "Kweli ameiandika sawa kabisa, pahali ambapo Muganda angekosea. Halafu amekosea lakini na mbali, pahali ambapo Muganda hakosei. Huyu anaigiza, afande. Amesikia kwamba Waganda wanachanganya L na R, hajui wanachanganya wapi."

Okeny akaivuta karatasi karibu. Yeye ni Mwacholi, Kiswahili chake ni cha kambini, na Kiganda kwake ni cha kununulia ndizi.

"Utaenda kumwambia hakimu hivyo? Herufi mbili?"

"Nitamwonyesha."

Lubowa aliletwa chumba cha maelezo. Upande mmoja wa uso ulikuwa bandeji tupu, na jicho lililobaki lilimtazama Nuriat likamjua. Alisema anamfahamu, ni binti wa kwa mzee Sulaimani, gari ya mzee ameitengeneza mara nyingi, na kama amekuja kummalizia jicho la pili afanye haraka kwa sababu kichwa kinamuuma. Nuriat alimpa kalamu, akamsomea sentensi moja aiandike.

Lubowa aliandika taratibu, karatasi ameisogeza upande wa jicho zima: "Lakini kwa kweri siku ya kula watu watatoka mbali."

"Nini nimeandika vibaya?" akauliza alipoona anatazamwa.

"Hakuna. Umeandika vizuri sana."

Okeny alipoonyeshwa alisema fundi anaweza kuwa mjanja, leo anaandika hivi, juzi aliandika vile. Nuriat akafungua simu, akamrudisha nyuma kwenye jumbe za Lubowa za miezi mingi humo kundini, za kuuliza betri, za kulalamika umeme, za kubishana siasa. Kweri, kweri, hera zangu, kula yangu ni siri yangu. "Lakini" iko kila mahali na kila mahali iko sawa. Rakini, hata moja hakuna.

Okeny akakunja karatasi akaitia mfukoni. "Kale. Nimesikia. Lakini gari ya korti itanikuta na mtu au bila mtu, na faili inaandikwa jina la mtu. Niletee mtu. Herufi haina miguu ya kupanda kizimbani."

Nuriat alibaki kwenye benchi la nje na simu yake. Akafanya kitu ambacho kumbe hakuna aliyekifanya tangu Jumatano: akatafuta neno "rakini" kwenye kundi zima. Ukiacha ule wa Jumatano, zikaja jumbe chache, zote za mtu mmoja, zote za kuigiza Waganda, na vikaragosi vya kucheka. "Sebo nakupenda rakini sina hera." "Rakini nyabo umeenda mbari sana." Jina likasoma Cleopas Wanjala, Mkenya wa Bungoma, mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa mabango. Yupo kwenye makundi yote ya Kampala kwa sababu anachapia wagombea wote.

Kiwanda kiko Ntinda.

Alipanda boda. Foleni ya Ntinda ilikuwa ile ya siku zote, magari yamesimama kama yamepakwa gundi, na kila nguzo ya taa ina sura ya mgombea. Kwa Wanjala kulinuka wino na mafuta ya jenereta. Mabango ya wapinzani yalikuwa yametandazwa sakafuni yakauke, bega kwa bega, wagombea wanaotukanana redioni wanatabasamu pamoja. Wanjala mwenyewe ni mwanamume mnene mwenye sauti ya harusini. Alianza na utani, akamuuliza madamu kama naye anagombea, sura yake ingetoka vizuri kwa rangi. Nuriat akaweka kitambulisho cha polisi juu ya mashine, na utani ukaishia hapo.

Mgeni wakati wa uchaguzi ni mgeni kweli. Wanjala alijua hilo kuliko mtu yeyote, na alitoa simu yake kabla hajaombwa, akatoa pasi yake ya kusafiria, akatoa karatasi za biashara, akaapa kwa jina la mamake aliyezikwa Bungoma. Nuriat alipekua simu. Laini moja, namba moja, matusi hakuna. Utani ulikuwa tele: video za Wanjala amejifunga taulo kama gomesi, lile vazi la wanawake wa Kiganda, akiongea kwa sauti nyembamba, rakini hivi, rakini vile.

"Wewe ndiye umeleta hilo neno Kibuli," Nuriat akamwambia.

"Madam, mimi nachekesha watu tu. Hata wao wenyewe wanacheka."

"Waganda hawasemi rakini."

"Si wanachanganya? R na L?"

"Hawasemi rakini. Umewatungia."

Wanjala akafikiri, akakubali kwamba inawezekana, yeye alikuwa anakisia tu, kazi ya utani ni kukisia. Nuriat akamuuliza nani anaupenda sana huo utani. Mwanamume akapangusa mikono kwenye suruali, mara mbili, tatu, kisha akasema ni yule kijana wa Mubaraka. Akram. Mpwa wake, Mnubi wa Kibera, Nairobi, aliyeletwa mwaka jana kusaidia kampeni. Akija kufuata kazi anakaa hapo kwenye kiti cha plastiki anatumia waifai ya bure, na hachoki kumwambia aurudie. Wiki hii ndiyo alizidi. Alitaka kujua kila neno Waganda wanalisemaje. Na mbali wanasemaje? Na lakini? Wanjala akamjibu yote, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Alikuwa hapa lini?"

"Jumatano jioni. Alikuja kuchukua mzigo wake. Huu." Akanyoosha mkono ukutani.

Nuriat alikuwa ameliona bango hilo asubuhi, lilikuwa jipya kwenye kila ukuta wa Kibuli. Uso wa Mubaraka, kofia nyeupe, na maandishi makubwa: WAMETUITA WAGENI. TUWAJIBU KWA KURA. Lilitoka Alhamisi alfajiri, ujumbe ulitoka Jumatano jioni. Mtaani watu walisifu sana, wakasema huyu mgombea yuko macho, ametukanwa usiku, asubuhi amejibu.

"Kazi hii aliagiza lini?"

"Jumatatu," Wanjala akasema. "Rangi nne haitoki siku moja, madam. Nilimwambia Jumatatu njoo Jumatano."

Akamwonyesha kwenye simu maneno ya Akram mwenyewe ya kuagiza, ya Jumatatu, herufi kwa herufi. Wametuita wageni. Nuriat alisoma, akamrudishia simu, akamtazama.

"Jumatatu nani alikuwa amewaita wageni?"

Wanjala akakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Baadaye kidogo, wakati Nuriat analipiga picha hilo agizo, akasema kwa sauti ndogo kwamba ule ulikuwa utani tu.

"Utani wako umemtoa mtu jicho," Nuriat akasema. "Usiondoke Kampala."

Akachukua konstebo mmoja mwenye silaha kituoni, wakateremka Kibuli. Swala ya Ijumaa ilikuwa imetoka. Watu wamejaa barabarani na kanzu zao, boda zinapiga honi katikati yao, na nyumbani kwa Mubaraka geti lilikuwa wazi kabisa, sufuria kubwa za pilau zimepangwa uani, mstari wa watu na sahani. Mgombea mwenyewe alikuwa bado msikitini anasalimia wazee. Akram ndiye alikuwa anagawa chakula, kijana mrefu, msafi, kanzu imepigwa pasi, mwiko mkononi. Simu yake kubwa ilikuwa juu ya stuli karibu na maji ya kunawa.

Nuriat hakumsalimia. Kulikuwa na kitu alichokuwa amekitunza tangu asubuhi. Okeny alishapiga ile namba ngeni kwa simu ya kawaida ikawa haipatikani, laini ilitupwa. Ila wasap haihitaji laini ikae ndani ya simu, ukishaisajili inaendelea kufanya kazi. Nuriat hakupiga mapema kwa sababu mwenye simu angeshtuka akafuta kila kitu. Sasa alisimama hatua chache kutoka kwenye stuli, akapiga kwa wasap.

Simu juu ya stuli ikaanza kuimba.

Akram aliitazama simu, akamtazama Nuriat na ile aliyoshika sikioni, akaweka mwiko chini taratibu asije akamwaga. Hakukimbia. Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyefumaniwa anakula sukari.

"Dada Nuriat. Karibu pilau kwanza."

Nuriat akaichukua simu kutoka kwenye stuli. Akamwambia anakamatwa kwa ule ujumbe wa Jumatano, na akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti, ili na mstari wa chakula usikie. Mama mmoja alibaki na sahani imenyooshwa.

"Kwa kosa gani?" Akram akauliza. Hakuwa na hasira, kweli alitaka kujua. "Mimi si Mnubi? Nimejitukana mwenyewe. Sheria gani inafunga mtu aliyejitukana?"

"Na Lubowa?"

"Lubowa sikumtaja. Jina lake halimo, soma."

"Uliandika kabila. Jina wakatafuta wenyewe."

Hapo ndipo tabasamu lilipopungua kidogo. Akasogea, akashusha sauti kama wanapanga mambo ya ndani ya familia. Akamweleza kwamba wiki mbili zilizopita watu wao walikuwa wamelala, wanasema Mubaraka atashindwa tu, kura ni kupoteza muda. Leo hata bibi Kaltumi, ambaye tangu Ramadhani hajavuka kizingiti, anauliza kituo chake cha kura kiko wapi. Sera haitoi mtu nyumbani, hasira inamtoa. Na hayo maneno hakuyatunga, Wallahi.

"Kibera walituambia hivyo hivyo, dada. Rudini Sudani. Nikiwa darasa la tatu nimeambiwa. Mimi nimebadilisha tu mwandishi."

Nuriat akamwambia konstebo amfunge pingu.

"Wewe ni wetu," Akram akasema, sasa kwa nguvu. "Unamfanyia nani kazi hii? Huyo Muganda wako kesho atakupigia makofi?"

Maneno hayo yakashika moto kwenye ule mstari wa chakula. Wamama waliomlea Nuriat, waliomsuka nywele akiwa mdogo, wakaanza kumuuliza kwa jina lake na la baba yake kama kweli anampeleka mtoto wao selo kwa ajili ya Muganda. Hakuna aliyeuliza kama Akram ameandika au hakuandika. Hilo lilishapita. Simu zikainuliwa, wakampiga picha akitoka getini, na kabla gari halijafika juu ya kilima video ilikuwa imeshaingia Kibuli Yetu na neno moja chini yake, msaliti, na watu wanaliongezea vidole gumba vya kuunga mkono.

Kituoni Akram alitoa maelezo bila shida, anajisifu kidogo. Aliyemtuma, alisema, hakuna. Mjomba wake hajui lolote. Mubaraka alipopigiwa simu alisema hayo hayo, kwa maneno yale yale kabisa. Nuriat akaandika kwamba maneno yamefanana, akaweka kwenye faili. Okeny alisoma agizo la Jumatatu, akasikiliza simu ilivyoimba, akafuta jina la Lubowa kwenye karatasi ya gari la korti na kuandika la Akram. Hakusema pole wala hongera. Alisema tu kwamba sasa Wanubi hawatatulia, na kwamba kesi hii alimpa yeye ili watulie.

Waliompiga Lubowa je? Nuriat aliuliza. Okeny akasema uchaguzi upite kwanza.

Basi Lubowa akatolewa. Alirudishiwa mkanda, viatu na spana yake moja iliyokuwa mfukoni siku ile. Nuriat alimsindikiza mpaka getini kwa sababu hakuwa anaona vizuri ngazi za upande wa kushoto. Nje mama yake alikuwa anamsubiri, mama wa Kiganda wa makamo, amevaa gomesi ya kijani kama anaenda kanisani. Alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akaipapasa ile bandeji pembeni pembeni, hakulia. Aliuliza kitu kimoja: aliyeandika ni nani.

"Mnubi," Lubowa akasema kwa Kiganda. "Wamejitukana wenyewe, halafu wakaja kunipiga mimi."

Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaijua. Akasema hao ndivyo walivyo, tangu enzi za utawala wa jeshi, bunduki zilipokuwa mikononi mwao, ndivyo walivyo, mtu hawezi kuishi nao. Nuriat alikuwa amesimama hapo hapo. Akamwambia kwa Kiganda, Kiganda safi cha shule, kwamba daktari amesema bandeji isiguswe na maji, na kwamba jicho lile jingine liangaliwe tena wiki ijayo.

Uso wa mama ukafunguka. Akauliza kama ni huyu ndiye aliyehangaika asubuhi yote. Lubowa akaitikia kwa kichwa, akageuza uso barabarani kutafuta boda. Mama akaushika mkono wa Nuriat kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti nusu pale pale kwenye vumbi, akasema asante, mwanangu, asante kwa kazi, laiti polisi yote ingekuwa na watoto wetu kama wewe tungepona.

"Muziro wako nini, mwanangu?"

Ndivyo Waganda wanavyoulizana. Kila ukoo una kitu chake usichokula, simba, uyoga, samaki, na anayeuliza anataka kujua ashukuru nyumba ya nani. Lubowa bado alikuwa anatazama barabarani. Hakugeuka.

"Sina muziro, mama," Nuriat akasema. "Mimi Mnubi."

Mikono ya mama haikutoka kwa ghafla. Ilitoka taratibu, mmoja, halafu wa pili, kwa adabu kabisa. Akainuka. Akaanza kufunga upya mshipi wa gomesi yake, anauvuta, anaukaza, na mshipi wala haukuwa umelegea.